Kadi ya Sauti ya Mwalimu Semboja

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za karakana. Rehema, anayeshika nafasi yangu, akaniomba niandike "yale mambo ya draiva" kabla sijayasahau. Sasa nimekaa nyumbani Misima na daftari la mistari, mihogo imeanikwa mbele yangu, na kuku wananisumbua. Vyeo na mishahara sitaviandika. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe liliwahi kupotea mara mbili bila kazi kubadilika chochote.

Nianze na siku ya kwanza, maana ndiyo siku niliyoharibu kitu cha kwanza.

Karakana yetu pale Korogwe ilikuwa chumba kimoja, si mbali na stendi. Tulitengeneza taipureta, mashine za kudurufu na mashine za kujumlisha hesabu, nyingi zikitoka ofisi za mashamba ya mkonge. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shekiondo, Msambaa wa milimani, mfupi, miwani yake imeshikizwa kwa waya wa shaba upande mmoja. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na nilijiona najua. Akanipa taipureta ambayo herufi "m" haikuwa ikigonga. Nikachukua bisibisi, nikafungua, springi ikaruka ikapotelea chini ya kabati. Tuliitafuta mpaka mchana.

Mzee hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulipoibonyeza hiyo m, mkono wake ulinyanyuka?"

"Sijui, Mzee."

"Ulinyanyuka ukakwama njiani, au haukunyanyuka kabisa?"

"Sikuangalia."

"Sasa ulifungua ili utafute nini?" Akavuta droo, akanipa daftari na penseli. "Mwanangu, usiniambie mashine ni mbovu. Niambie imefanya nini. Andika kwanza, bisibisi baadaye."

Kwa mwezi mzima sikuruhusiwa kugusa bisibisi kabla ya kumsomea nilichoandika. Wateja walidhani mimi ni karani.

Ikaja miaka ya kuuza mashirika ya umma. Mashamba ya mkonge yakapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya hawakutaka taipureta. Zililetwa kwetu kwa lori, zimelundikwa kama kuni, wala si kwa kutengenezwa. Walitaka tu mahali pa kuzitupa. Wenzetu wawili waliona mbele hakuna kitu, wakaenda kufungua maduka ya vipuri vya baiskeli. Siku kompyuta ya kwanza ilipoingia karakana, Mzee Shekiondo aliizunguka, akainusa nyuma pale kwenye feni, akasema, "Hii nayo imetengenezwa na watu." Hakuwahi kuipenda, lakini hakuwahi kuiogopa. Alipostaafu akarudi milimani kwenye migomba yake, akaniachia kipima umeme chake na madaftari kumi na moja.

Nyinyi mnaofanya kazi leo hamkuziona kompyuta za wakati ule. Zilikuja kama nguo za mitumba: zimeshatumika huko zilikotoka, diski imefutwa, kila moja na kadi zake za kuchomeka ndani, za sauti au za picha, hakuna mbili zinazofanana. Mafundi wengi tulizipiga Windows kwa CD za kunakili ambazo hatukujua zimenakiliwa wapi, na kila diski laini iliyopita mlangoni ilikuja na virusi vyake. Ndipo kwenye mafunzo fulani huko Tanga mkufunzi akatugawia CD za Linux. Akasema mfumo huu ni wa bure, unaruhusiwa kunakili, na anayeweza kuuboresha haulizwi. Nilirudi nazo nikidhani nimepata nafuu. Nilichopata ni draiva.

Wale wapya kwenye kazi nawaelezea hivi. Siku ya mnada wa ng'ombe kule Handeni, mfugaji yupo na ndama wake, anasema Kimaasai. Mnunuzi yupo, anasema Kizigua. Katikati kuna mtu anayejua lugha zote mbili. Asipofika, ndama ni mzima, mnunuzi ni mzima, na biashara hakuna. Draiva ndiyo mtu yule wa katikati, kati ya kadi na mfumo. Mkuu mmoja wa ofisi nilipomwambia kompyuta yake haina draiva alinijibu kwamba stendi imejaa madereva wasio na kazi, nikachague.

Windows ilikuwa na watu wa katikati wengi, kwa sababu waliotengeneza kadi waliwaleta wenyewe kwenye boksi. Linux ilibidi umtafute mwenyewe. Nilikutana na vioo vya kompyuta vilivyokuwa vyeusi mara tu baada ya kuwasha. Nilikutana na modemu, zile za kuunganisha intaneti kwa simu, zilizoachia nusu ya kazi yao programu ya mfumo mwingine, kwa hiyo kwetu zilibaki kipande cha plastiki chenye taa nzuri. Nilijifunza kutoamini boksi: jina la boksi ni la muuzaji, lakini namba iliyochapwa kwenye chipu yenyewe ndiyo inayosema ukweli. Nilijifunza kuandika amri ya dmesg na kusoma mistari yote, hata ile isiyonihusu, maana mfumo unapowaka unasimulia kila ulichokuta na kila ulichokosa. Watu hawasomi. Wanaona mstari mmoja wa kosa, wanafuta kila kitu, wanaanza upya, na kosa linawasubiri palepale.

Nasema "watu" kana kwamba mimi sikufanya hivyo. Nilifanya. Na kisa chenyewe ni cha Mwalimu Semboja.

Mwalimu Semboja alifundisha Historia katika shule moja ya sekondari kule Handeni. Alikuwa kipofu tangu utotoni, surua ilimchukulia macho. Shule ya wasioona ilimfundisha nukta nundu na taipureta, na alichapa haraka kuliko makarani wengi wanaoona. Mimi nilimfahamu kwa ajili ya taipureta hiyo. Kila likizo aliileta Korogwe niisafishe. Mitihani alikuwa akiitunga kwa nukta nundu, maana alichochapa kwa taipureta hakuweza kukihakiki, kisha anamsomea mkewe, naye anaiandika kwa kalamu na kuipeleka kwa mkuu wa shule. Mtihani ni siri, na nje ya ofisi siri yake ilikaa kwa mtu mmoja tu.

Mwaka mmoja mama mkwe wake akaanguka akapooza, kule Mazingara, na mkewe akaenda kumuuguza. Miezi ikapita. Ulipofika mtihani wa muhula, Mwalimu akaamua kuuchapa mwenyewe. Alikaa na taipureta siku mbili, akapeleka kurasa nne kwa mkuu wa shule ndani ya bahasha. Mkuu wa shule, Mama Mbwambo, alifungua bahasha akakuta karatasi nyeupe. Utepe wa wino ulikuwa umekauka. Mwalimu alikuwa amechapa kurasa nne ambazo hazikuwepo.

Alinisimulia mwenyewe alipokuja karakana na ile taipureta.

"Mama Zaina," alisema, maana ndivyo wateja walivyoniita, "waliokuwepo ofisini hawakucheka. Afadhali wangecheka."

Mama Mbwambo hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba mtihani wa siri hauwezi kuandikwa na mwanafunzi, na walimu wengine wana mitihani yao. Kama hakuna njia ya yeye kuhakiki anachochapa, muhula ujao atampangia maktaba.

"Maktaba," Mwalimu akasema. "Mimi. Nitakuwa nawaazima watoto vitabu kwa kuvinusa."

Nilibadilisha utepe, ingawa hata ukiwa mpya yeye hakuweza kujua makosa aliyochapa wala siku utakapokauka tena. Alipokuwa anainuka, aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Hakuna mashine inayoweza kunisomea nilichoandika?"

Nilijua ipo. Programu za kusoma kwa sauti zilikuwepo kwa Windows, ila bei yake shule ile isingeweza. Lakini kwenye CD zangu za Linux kulikuwa na programu ya namna hiyo ya bure, na nilikuwa nimewahi kuijaribu kwa dakika chache. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja ya msaada, imekaa stoo chini ya magunia. Nikamwambia, "Ipo, Mwalimu. Jumanne nakuja."

Siku nyingine ulimi wa fundi ungefaa utiwe kufuli.

Nilifika Handeni Jumanne, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mitihani ilitakiwa ofisini Ijumaa mchana. Mama Mbwambo alikuwa amempa muda mpaka siku hiyo, kama wengine wote. Tuliweka kompyuta kwenye chumba kidogo karibu na maabara. Mwalimu akavuta kiti, akakaa pembeni yangu, mikono magotini.

Mfumo wenyewe uliingia vizuri. Sauti ndiyo iligoma. Kadi ya sauti ilikuwa ya zamani, ya aina zile ambazo hazijitambulishi zenyewe. Ni lazima wewe uuambie mfumo kadi ni ipi na inakaa wapi. Nikajaribu draiva ya jina lililoandikwa pembeni mwa kadi. Hakuna kitu. Nikaitoa kadi, nikasoma chipu kwa tochi, namba ilikuwa ya jamaa mwingine kabisa. Nikaweka draiva yake. Nikatoka kwenda kunawa mikono wakati programu inajiwasha, nikarudi, nikaunganisha printa iliyokuja na kompyuta hiyo ili mambo yote yawe tayari kwa pamoja, nikazima na kuwasha upya.

Spika ikasema: "Ka-ka-ka-ka-ka-ka."

"Ana kigugumizi," alisema Mwalimu, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu hata hiyo ilikuwa sauti.

Siku ya pili yote nilihangaika na kigugumizi kile. Nilibadilisha draiva, nikarudisha. Nilifuta mfumo mzima nikauweka upya mara mbili, printa ikiwa imechomekwa muda wote. Nilibadilisha spika. Sikuandika hata mstari mmoja kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa na haraka, na haraka ilinifanya nione kuandika ni kupoteza muda. Walimu walichungulia dirishani wakaondoka. Mchana wanafunzi wa kidato cha tatu walikuja kumuuliza kama ni kweli mashine itaongea. Aliwaambia waende wakasome.

Alhamisi asubuhi niliona mwisho umefika. Nikamwambia, "Mwalimu, kadi hii imekufa. Nitatafuta nyingine Korogwe, labda Tanga. Ila kwa kesho haiwezekani."

Nje kengele ya kipindi ikagongwa, watoto wakapita wakikimbia.

"Umejuaje imekufa?" akauliza.

"Inakwama, Mwalimu. Inarudia kipande kimoja tu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Tangu mwanzo."

"Siyo tangu mwanzo." Alisema polepole, kama anayemsahihisha mwanafunzi bila kumwaibisha. "Juzi ilisema sentensi nzima. Mara moja. Kiingereza. Ilisema iko tayari."

"Lini?"

"Ulipokwenda kunawa. Nilifikiri umesikia, maji yalikuwa karibu. Kisha ukarudi ukachomeka kitu kizito hapa kushoto, meza ikatikisika. Baada ya hapo ndipo kigugumizi."

Kitu kizito upande wa kushoto ilikuwa printa.

Kwa siku mbili nilikuwa nimekaa karibu na shahidi ambaye alisikia kila kitu na hakusahau chochote, wala sikumuuliza, kwa sababu mimi ndiye fundi na yeye ndiye mteja, tena haoni.

Mambo yenyewe ni mepesi ukishayajua. Kila kadi ya zamani ina namba ya kuiitia kompyuta, kama mtu anayegonga mlango kwa namna yake. Kadi mbili zikitumia namba moja, kompyuta inamfungulia mmoja, na mwingine anabaki anagonga. Kadi ya sauti ilikuwa imewekwa namba saba, na njia ya printa nayo ni saba. Sauti ilikuwa inacheza kipande cha kwanza, inagonga ili iletewe cha pili, haisikiki, inarudia kilekile. Orodha ya namba hizo mfumo hauifichi. Ipo kwenye faili liitwalo interrupts, ndani ya folda ya proc, kila namba na anayeitumia. Ningeisoma Jumanne ningelala Jumanne.

Niliitoa kadi. Juu yake kuna pini za shaba zenye kofia ndogo ya plastiki. Nikahamisha kofia kutoka saba kwenda tano. Nikarudisha, nikauambia mfumo namba mpya, nikaacha printa palepale ilipo. Safari hii niliandika kila hatua kwenye daftari.

"Washa," alisema Mwalimu.

Mashine ikaongea. Ilisema iko tayari, sentensi nzima, kwa sauti ya puani. Mwalimu akasogeza kiti, akaweka vidole kwenye kibodi, akachapa jina lake. Ikalitamka vibaya. Akachapa tena, akilirefusha, mpaka likakaribia.

"Anaongea kama mtalii," alisema. "Nitamzoea."

Mtihani wa Historia ni wa Kiingereza, kwa hiyo mtalii yule alifaa. Nilimfundisha jinsi ya kurudi nyuma mstari kwa mstari, kufuta, kuhifadhi, kuchapisha. Baada ya saa moja hivi aligeuza uso upande wangu.

"Hicho kioo kinawaka?"

"Kinawaka, Mwalimu."

"Kizime. Kinakula umeme bure."

Nikakizima. Kuanzia hapo sikuweza tena kumsaidia hata kama ningetaka; alikuwa anachapa gizani kwangu na mchana kwake. Ijumaa kabla ya saa sita alitoa kurasa tano kwenye printa, akazipapasa, akaniuliza, "Zina wino?" Nikasema zina. Tukaenda ofisini pamoja. Mama Mbwambo alipokea bahasha, akaifungua mbele yetu, akasoma ukurasa wa kwanza wote, midomo ikicheza.

"Swali la nne ni gumu, Mwalimu," alisema mwishoni.

"Niliwafundisha," akajibu.

Habari ya maktaba haikutajwa tena, wala siku ile wala muhula uliofuata.

Baadaye niliweka mashine kama ile kwa watu wengine, hapa na Korogwe, na baadhi zilinitesa zaidi. Siku hizi draiva nyingi zinakuja zenyewe, na kadi hazigombanii namba. Kwa hiyo msinitafute kuniuliza habari za saba na tano; muda wake umepita. Lakini mteja anapoingia na kompyuta, muulizeni alisikia nini, alikuwa anafanya nini, na nini kilibadilika. Mwacheni aseme mpaka amalize. Karani, mfugaji, bibi aliyeletewa na mjukuu, yeyote.

Jambo moja la Ijumaa ile nilikuwa sijalisema kwa mtu.

Tulipotoka ofisini nilianza kufunga mkoba wangu, niwahi gari la kurudi Korogwe. Mwalimu akaniomba nisubiri kidogo.

"Nataka kuandika barua," alisema. "Kwa mke wangu."

Nikamwambia aandike tu, mashine ni ya kwake.

"Unajua barua zangu kwake zinaandikwaje? Namwambia mwanafunzi wa kidato cha pili aandike. Sasa mtoto wa kidato cha pili nitamtamkia nini? Mimi mzima, sijui ninyi, mvua imenyesha, salamu kwa mama. Miezi saba hii, salamu kwa mama."

Aliomba nichomoe spika. Nilishangaa, nikamwambia bila spika hataweza kusikia anachoandika.

"Hii najua ninachoandika."

Nikachomoa spika. Kioo kilikuwa kimezimwa tangu jana yake. Nilikwenda nikasimama mlangoni, nikampa mgongo, nikaangalia uwanja ambao wanafunzi walikuwa wanaufagia. Nyuma yangu vidole vilienda, vikasimama, vikaenda. Wakati mmoja vilisimama muda mrefu hata nikadhani amemaliza, kisha vikaanza upya kwa kasi. Gari la saa nane likapiga honi barabarani, likaondoka. Nililiacha.

Printa ilipolia aliita, "Mama Zaina, usigeuke bado." Nilisikia karatasi ikikunjwa mara mbili na bahasha ikilambwa. Ndipo akaniruhusu, akanipa bahasha ili niandike jina na Mazingara kwa kalamu juu yake. Nikaiandika, nikaipeleka mwenyewe kwa kondakta wa gari linalokwenda huko.

Nilikutana naye tena likizo, alipokuja karakana kuniuliza habari za wino wa printa. Tulipomaliza nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama mkewe alijibu ile barua.

"Hakujibu," alisema Mwalimu Semboja. Alikuwa anapapasa ukingo wa meza yangu, akitafuta fimbo yake. "Alimwachia dada yake amuuguze mama kwa siku tatu, akapanda gari, akaja."